Wahenga Gani?

Kuna mwaka mmoja nililipwa kusoma jinsi watu wanavyotajana. Walichokuwa wakisema hakikunihusu. Kazi yangu ilikuwa kutazama namna wanavyomtaja aliyesema kabla yao: wamemtaja kwa jina au wamemficha, wamemsifu au wamemkatalia, wamemkaribisha sebuleni au wamemwacha mlangoni. Mama alipoulizwa kanisani binti yake anafanya kazi gani chuoni, alijibu, "Anasoma umbea wa maprofesa." Tangu siku hiyo sijasikia mtu aliyeieleza kazi ile vizuri kuliko yeye. Mama amefariki mwaka huu, kule Buffalo. Nilipokuwa nikiendesha gari kutoka Louisville kwenda kumzika, nilipofika Columbus nikajikuta nimetoka barabara kuu na kuingia Whitehall, mpaka kwenye yale majengo ya apatimenti tulikoishi zamani. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza tunasimama kufanya nini. Nikamwambia nataka kuona dirisha. Dirisha lilikuwepo, ghorofa ya pili, limetundikwa pazia la watu wengine. Nyuma ya dirisha lile ndiko nilikojifunza kusoma, ingawa wakati huo nilidhani kusoma nakujua tayari.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa kwanza chuoni, na kila insha niliyoandika ilianza na "Wahenga walisema." Ndivyo tulivyofundishwa kambini Kigoma, tulikokuwa wakimbizi, na walimu wetu walitufundisha kwa fimbo: mtoto mwenye adabu haanzi na maneno yake mwenyewe, kwani yeye ni nani? Darasa letu la uandishi pale Columbus lilifundishwa na mwanafunzi wa udaktari kutoka China, jina lake Lan. Alikuwa mwembamba, sauti yake ndogo, na alivaa koti la bluu lililomzidi mabega kana kwamba ameazimwa na kaka yake. Insha yangu ya kwanza niliifungua hivi: Wahenga walisema, aliyesugua chungu ndiye ajuaye kilipoungulia. Ilirudi imeandikwa kwa penseli pembeni, herufi ndogo ndogo: Wahenga gani?

Nikamfuata baada ya darasa, nimekasirika, maana mimi hasira zangu haziko mbali. "Mwalimu, wahenga ni wahenga," nikamwambia. Akauliza, "Wanaitwa nani? Mtu akitaka kuwatafuta awasome, atawapata wapi?" Nikamjibu, "Hawapatikani. Wamekufa." Akacheka mpaka akafunika mdomo kwa mkono. "Na wa kwetu wamekufa," akasema, "lakini hawaachi kuandika insha za watoto." Halafu akaniomba nimweleze ile methali. Nikamweleza kwamba anayekula ugali haoni chochote, anayepika huenda akasahau, lakini yule anayekaa na chungu na jivu na gunzi la muhindi, huyo ndiye ajuaye hasa moto ulipita wapi. Akaiandika kwenye kiganja cha mkono wake kwa kalamu, mwalimu mzima! Nilimpenda tangu hapo.

Baada ya wiki chache akanipa kazi. Alikuwa akiandika tasnifu kuhusu jinsi wasomi wa Kichina na wasomi waliozaliwa ndani ya Kiingereza wanavyowanukuu wenzao, wote wakiandika makala zao kwa Kiingereza. Sheria ya utafiti wake ilitaka msomaji wa pili, ili isionekane kwamba anaona anachotaka kuona. "Wewe si Mchina, wala Kiingereza hukukinyonya kwa mama," akaniambia. "Huna upande." Nikamwambia ninao upande wa njaa, na kama kazi inalipa, tuanze hata leo.

Tulifanyia kazi chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha, meza moja, viti viwili, na bomba la joto lililokoroma kutwa nzima kama mjomba aliyeshiba. Kila mmoja alikuwa na kalamu za rangi. Ukikuta mwandishi anamuunga mkono aliyemtaja, piga mstari wa kijani. Anampinga, nyekundu. Anamtaja tu apite zake, manjano. Mpango huo wa rangi ulibuniwa na profesa aliyemsimamia Lan, mzee mrefu, mpole, aliyetembea na tufaha mfukoni siku zote, na aliyejulikana katika fani yao kwa mpango huo. Basi tukasoma. Makala za wazawa wa Kiingereza zilijaa nyekundu, ungedhani shamba la pilipili. Fulani anadai hivi, lakini hakuona vile; fulani amesahau jambo kubwa. Mwanzoni nilishtuka. Nikamuuliza Lan kama watu hawa wanasalimiana. Akaniambia kwamba wanasalimiana sana, na jioni wanakaa pamoja kunywa bia, kwa sababu kwao kumtaja mtu kwa jina na kumkatalia ni kumpa heshima: umemsoma mpaka mwisho, umemwona ni wa kujibiwa. Aliyadhihirisha hayo kwa furaha, akinionyesha sentensi moja moja, "Ona huyu alivyomshika mwenzake bila kumchubua!" Sikuwahi kumwona mtu anayefurahia ugomvi wa wengine kwa upendo kiasi kile. Makala za Wachina zilikuwa kijani tupu. Fulani ameweka msingi. Fulani ametufungulia njia. Majina mengi yaliwekwa mwishoni mwa sentensi, ndani ya mabano, kama wazee waliokaa nyuma lakini kila mtu anajua wapo.

Na hapo ndipo Lan alipokuwa hana raha. Profesa wake alikuwa ameshasema matokeo yatakuwaje: Wachina hawakosoani, wanakubali tu. Kijani kile kilikuwa kikithibitisha maneno yake. Lan alihesabu, akaandika, akapeleka sura, na sura zikarudi. Kila alipojaribu kusema neno lake mwenyewe, profesa aliandika pembeni swali lile lile: Nani anasema? Lan aliongeza majina. Sura ikarudi: Nani anasema? Akaongeza mengine. Nami nikamtania, nikamwambia kumbe mwalimu wa "wahenga gani" naye ana mwalimu wake. Hakucheka siku ile. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kufundisha Buffalo, na kazi ilimtaka awe na shahada kabla ya majira ya joto kwisha. Bila shahada hakuna kazi, na bila kazi ruhusa yake ya kukaa nchini ingekoma. Alinieleza hayo mara moja tu, akirudisha vifuniko vya kalamu kimoja kimoja, wala hakuyarudia tena.

Mama ndiye aliyesema nimlete nyumbani. "Huyo mtoto wa watu anakula nini huko chini ya ardhi?" Akaja Jumapili na bakuli la mayai yaliyokaangwa na nyanya, na Mama akayaonja, akaniambia kwa Kiswahili, uso wake mkavu kabisa, kwamba hiki ni chakula cha mgonjwa anayepata nafuu. Lakini akamaliza sahani. Lan naye alikula sombe, kisamvu cha kwetu, na ndagala, dagaa wa ziwani, na pilipili ya Mama, ile iliyowahi kumtoa mchungaji machozi, akaomba tena. Kuanzia siku hiyo Mama akamwita Lani, na akawa anamwekea kiti karibu na jiko, mahali ambapo mgeni hawekwi.

Jumapili mojawapo, mwezi wa pili, theluji imelala kwenye vizingiti vya madirisha, wazee wa kanisa walikutana sebuleni kwetu baada ya ibada. Mchungaji alitaka kanisa lihamie kwenye ukumbi mpya aliouona Hilliard, upande wa pili wa mji. Aliusifia sana: maegesho, vipaza sauti, viti vyenye mito. Akamaliza. Ndipo Mzee Balthazar, Mkongo wa Fizi, mzee wetu wa kanisa, akajikohoza. "Bon," akasema, "mchungaji wetu ametuonesha njia, tunamushukuru sana. Ile salle ni muzuri, muzuri kabisa. Donc, bamama benye habana motokari, tubaombee, Mungu abape." Watu wote wakasema amina. Mchungaji naye akasema amina, akanywa chai yake, na habari ya Hilliard haikusikika tena mpaka leo hii.

Lan alikuwa jikoni na sisi, nami nilikuwa nikimfasiria kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo mzee amekubali," akaninong'oneza. "Amekubali nini! Amekataa kabisa. Amezika." Akanitazama. "Amekataa wapi? Amesema ukumbi ni mzuri, akashukuru, akaomba dua. Ni kijani." "Dada Lan," nikamwambia, "ukiombewa gari mbele za watu, ujue umeambiwa hapana." Mama akaongeza huku anapakua maharage, "Na bora angemtukana. Tusi lingeisha kesho." Lan akaweka bakuli chini. Mwiko ungali mkononi, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuta miwani yake juu ya kichwa chake mwenyewe. Baba yake alikuwa mwalimu huko kwao, akasema, na baba yake akimwambia mwenzake kwamba kazi yako inastahili kuendelezwa zaidi, mwenzake halali usingizi wiki nzima. Alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alipoingia kwenye kile chumba akiwa na kalamu za Kiingereza, alikuwa amelivua mlangoni pamoja na viatu, akapaka kijani mahali ambapo watu walikuwa wakikatana kwa visu vilivyofungwa hariri.

Jumatatu tulirudia makala moja tu, kwa kujaribu. Loo! Ilikuwa kama kuinua mkeka. "Ametufungulia njia," halafu mwandishi anaenda njia nyingine. "Mchango wake unajulikana," halafu mchango wenyewe hauonekani tena mahali popote. Jina limewekwa mbele kwa heshima, kisha kinafuata kimya, na katika kimya hicho ndimo hapana inamokaa. Siyo zote, maana kijani cha kweli kilikuwepo, na sentensi nyingine tulizibishania mpaka sauti zikatukauka. Lakini ilitosha kumwonyesha kwamba kazi nzima ilipaswa kusomwa upya tangu mwanzo, na kwamba mpango wa rangi wa profesa haukuwa na rangi ya watu wa namna ile. Profesa alimsikiliza, akala tufaha lake, akamshauri kwa wema kabisa: muda umekwisha, weka tanbihi moja, maliza, nenda Buffalo, hayo mengine utaandika ukiwa na mshahara. Ulikuwa ushauri mzuri. Mimi ningeufuata mbio. Lan alirudi chumbani, akafungua kifuniko cha kalamu, akavuta makala ya kwanza kwenye rundo. "Spesi," akaniambia, "kama una mitihani, nenda. Sitakulaumu." Nilikuwa na mitihani. Nikavuta ya pili.

Hadi leo, nikiwa na chumba changu pale Louisville ambako nawasaidia watu wazima kuandika insha zao za chuo, wengi wao wakitoka shifti ya weyahausi, yale maghala ya mizigo, na sare mwilini, nikichoka namkumbuka Lan wa miezi ile. Alisoma kama mama anayechambua mchele wa wageni. Hakuruka mstari hata mmoja kwa kuwa alishajua jibu. Sentensi iliyomfaa aliichunguza zaidi kuliko ile iliyomkataa, na mara nyingine alinipa ushindi ambao sikuustahili, kwa kuwa tu nilikuwa nimetoa sababu nzuri. Sijui kama watu wanajua kwamba kuna ushujaa wa kukaa kwenye kiti.

Kilichobaki kilikuwa sentensi moja. Alipaswa kumtaja profesa wake mwenyewe, ndani ya tasnifu ambayo profesa huyo ndiye angeipitisha, na kusema kwamba amekosea. Aliiandika, akaifuta, akaja nayo hadi jikoni kwetu Whitehall. Mimi nikasema amwambie waziwazi, si ndivyo wenyewe wanavyopenda? Mama alikuwa anasugua sufuria ya ugali. Akasema, "Mkubwa haambiwi amekosea. Anapewa kiti akae, aone mwenyewe." Nikamfasiria Lan. Akaitikia kwa kichwa, kwao pia ni hivyo. Mama akaendelea kusugua, kisha akasema bila kugeuka, "Na kama amekaa na haoni?" Lan akaandika sentensi yake kwa adabu ya kwao: mpango wa rangi wa profesa umetufungulia njia, na unastahili kuendelezwa zaidi.

Siku ya kutetea tasnifu ilikuwa ya mwisho kabisa iliyowezekana. Niliketi nyuma, karibu na mlango, nimevaa kitenge cha Mama. Lan alisema vizuri, sauti ile ile ndogo, akajibu maswali ya maprofesa wengine. Kisha mzee wake akafungua ukurasa. "Hapa umeandika kwamba mpango wangu unastahili kuendelezwa zaidi," akasema. "Nani anasema?" Lan akaanza kutaja majina. Mzee akainua mkono, kwa upole. "Hao nawajua. Nani anasema, Lan?" Niliona vidole vya Lan vikitafuta kalamu ambayo haikuwepo. Nikawaza Buffalo, nikawaza lile koti la bluu likiingia kwenye ndege. Kisha akasema, "Mimi." Akavuta pumzi. "Mimi nasema. Mpango wako hausikii mtu anayekataa kwa adabu, na kwa hiyo umewahesabu watu wengi kuwa wanakubali ilhali wanakataa. Nimeusugua mwaka mzima. Najua ulipoungulia." Mzee alimtazama, akatazama ile sentensi, akamtazama tena. "Kumbe hii ilikuwa nyekundu," akasema. "Mimi nilidhani umenisifu. Nilifurahi nayo wiki nzima." Chumba kizima kikaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote, kisha akasema, "Andika hivyo ulivyosema. Utangulize jina langu." Wakampitisha. Nje ya mlango nililia mpaka kitenge cha Mama kikalowa, na Lan akanipigapiga mgongo kana kwamba aliyefaulu ni mimi.

Akaenda Buffalo. Mimi nikaolewa Louisville. Miaka kadhaa baadaye kaka yangu akapata kazi ya kiwanda kule Buffalo, akanunua nyumba ndogo Riverside, karibu na mto, akamchukua Mama. Basi Lan akawa ndiye anayempeleka Mama kliniki, anayemletea mayai yake ya mgonjwa, na kutokana na kukaa karibu na jiko akaokota Kiswahili, cha lafudhi ya ajabu lakini kilichosimama. Nikipiga simu nilikuwa nasikia Mama akimkaripia kwa nyuma, nikajua yuko salama.

Msibani, sebule ya kaka ilijaa watu mpaka ngazini. Mzee Balthazar aliletwa kutoka Columbus, amezeeka, anatembea kwa fimbo. Nikaombwa niseme neno la familia. Nikasimama, nikasema kwamba Mama alitulea kwa methali za wahenga, na kwamba aliyoipenda kuliko zote ni ile isemayo aliyesugua chungu ndiye ajuaye kilipoungulia. Watu wakaitikia, nikakaa. Lan alikuwa pembeni yangu sakafuni, nywele zimeanza mvi. Akanisogelea sikioni. "Si wahenga," akasema kwa Kiswahili. Nikadhani majonzi yamemchanganya. "Niliitaka kwa kitabu changu," akaendelea. "Nikamuuliza Mama, nani alisema. Mara ya kwanza akasema wahenga. Nikamuuliza, wahenga gani? Akacheka sana. Akasema, mimi."

Akanieleza kwa minong'ono, huku watu wakiimba. Kambini, Mama akiwa mjane kijana, wazee walikutana kupanga ugawaji wa chakula, na walikuwa wanakosea, na yeye ndiye aliyekuwa jikoni akaona. Angesema "mimi nasema," wangemwambia akae chini. Kwa hiyo alisimama akasema wahenga walisema, akaitunga papo hapo, na wazee wote wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wameisikia kwa babu zao. Lan alitaka kuliandika jina lake kitabuni. Mama akakataa: wanangu wakijua neno hilo ni langu wataacha kulifuata, nikifa ndipo useme. Lan hangeweza kuandika uongo wala kuvunja ahadi, kwa hiyo aliitoa methali ile kitabuni kabisa, yeye aliyekuwa ameibeba tangu siku alipoiandika kwenye kiganja.

Wimbo ukaisha. Nikasimama tena. Kaka akanivuta nguo, nikamtoa mkono. Kwetu jina la mzazi halitajwi na mwanawe, na mama yangu hakuna aliyemwita kwa jina tangu nizaliwe. Alikuwa Mama Spesi kwa kila mtu, hata kwenye mabango ya msiba. "Naomba mniwie radhi," nikasema, "nimemtaja asiye mwenyewe. Haya si maneno ya wahenga. Aliyesugua chungu ndiye ajuaye kilipoungulia. Amesema Daforoza."

Kisha fimbo ikagonga sakafu. "Bon," akasema Mzee Balthazar, sauti imemkauka, "miye nilizani ni ya babu yangu." Akanigeukia. "Rudilia iyo jina, mwanangu, nilishike." Nikalirudia, naye akalisema polepole, na waliokaa karibu naye wakalisema, likapita hivyo kinywa kwa kinywa hadi kwa wale waliosimama ngazini ambao hawakuwa wamesikia vizuri, wakawa wanauliza nani, nani alisema, na kuambiwa.